Mtoto Hulelewa Kabla ya Kuzaliwa

Mwananchi yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki aijua ile mizani itundikwayo kwenye boriti. Mtoto huvishwa kisuruali cha kitambaa, akaning'inizwa, akalia kidogo, na muuguzi akaandika kilo zake katika kadi. Mama huondoka na furaha ikiwa mstari wa kadi umepanda, au na wasiwasi ikiwa umeshuka. Mama mja mzito naye hupandishwa juu ya mizani ya sakafuni kila afikapo hapo. Lakini yuko mtu mmoja ambaye aghalabu hakuna amwitaye aje apimwe, naye ni mwanamke ambaye bado hajashika mimba. Makala haya yamhusu yeye, na yamhusu mtoto wake ambaye bado hajatungwa.

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa muda mrefu tumeuelewa msemo huo kwamba malezi huanza siku mtoto azaliwapo, au pengine siku aanzapo kusikia na kuiga. Utafiti wa wataalamu wa tiba katika miaka ya karibuni watulazimisha tuurudishe nyuma zaidi mwanzo wa malezi. Yaonekana kuwa hali ya mwili wa mama, na hasa unene wake wa kupindukia, huanza kumfundisha mtoto mambo angali tumboni. Na mojawapo ya mambo hayo ni namna mwili wake utakavyouwasha, na hasa utakavyouzima, moto wa kujikinga na maradhi. Habari hii yafaa itoke katika vitabu vya wataalamu ifike majumbani, kwa sababu majumbani ndiko dawa yake iliko.

NEEMA ILIYOGEUKA

Hapana haja ya kuficha kwamba katika jamii zetu nyingi unene wa mwanamke umehesabiwa kuwa ni dalili ya neema. Bibi arusi akinenepa baada ya miezi michache ya ndoa, mume husifiwa kuwa anajua kutunza, na mama mkwe husifiwa kuwa amempokea vyema mkamwana wake. Mama aliyejifungua hulishwa uji mzito, supu na vyakula vya mafuta katika zile siku 40 za uzazi, na akitoka ndani huku amewanda, jamaa hushukuru. Desturi hizo zilizaliwa katika nyakati za njaa na kazi za sulubu, wakati mwili ulipohitaji akiba ya kuuvusha msimu wa dhiki. Hazikuwa za upumbavu hata kidogo.

Kisha likaja pigo jingine lililowafanya watu wauogope wembamba zaidi. Ugonjwa wa ukimwi ulipoanza kuonekana nchini Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi waliuita "Slim", kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Tangu hapo, mtu aliyepungua kilo chache alianza kutazamwa kwa jicho la shaka, na wengi wakaona afadhali wanenepe kuliko kusemwa vibaya.

Lakini nyakati zimebadilika, na mwili wa mwanamke wa mjini hauishi tena katika dunia ile ya bibi yake. Kazi ya kutwanga imechukuliwa na mashine. Safari ya miguu imechukuliwa na basi na pikipiki. Na chakula cha mafuta mengi, ambacho zamani kilikuwa cha sikukuu, sasa huuzwa katika kila pembe ya mtaa usiku na mchana. Takwimu za serikali zaonyesha matokeo. Nchini Tanzania, wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi kiasi walikuwa asilimia 18 katika uchunguzi wa mwaka 2004-05. Walifikia asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 katika ule wa mwaka 2015-16. Nchini Kenya walipanda kutoka asilimia 25 katika uchunguzi wa mwaka 2008-09 hadi asilimia 33 mwaka 2014. Hao ndio wanawake wa umri wa kuzaa.

Huenda msomaji akauliza: uzito uliozidi ni upi? Kipimo kitumiwacho na Shirika la Afya Duniani ni kuzigawa kilo za mtu kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Ikipatikana 25 au zaidi, uzito umezidi. Ikipatikana 30 au zaidi, huo ndio unene wa kupindukia. Kwa mfano, mwanamke wa kimo cha mita 1.60 huvuka mpaka wa kwanza afikapo kilo 64, na mpaka wa pili afikapo kilo 77. Wengi wanaovuka mpaka huo wa pili hawajioni kuwa wagonjwa, wala majirani hawawaoni hivyo.

MOTO NA WAZIMAJI WAKE

Ili kuelewa yale yampatayo mtoto, yatupasa kwanza kuuelewa moto tuliokwisha kuutaja. Mtu akikanyaga mwiba, baada ya muda mfupi mahali pale hugeuka pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Mrumi aitwaye Celsus yapata miaka 2000 iliyopita. Sisi katika makala haya tutaliita jambo hilo zima kwa jina la mwako. Mwako ni ulinzi. Damu huongezeka mahali palipoumizwa, na chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hukimbilia hapo kupambana na vijidudu na kusafisha mabaki. Bila mwako, hata kidonda kidogo kingetuua.

Lakini askari wakishamaliza vita hawana budi kurudi kambini, la sivyo watakiharibu kijiji walichokuja kukilinda. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa mwako hufifia wenyewe, kama moto uliokosa kuni. Mwanzoni mwa karne hii, Profesa Charles Serhan na wenzake mjini Boston, Marekani, walionyesha kuwa kuzima ni kazi ya makusudi. Mwili huunda kemikali maalumu za kuuzima mwako, baadhi yake zikaitwa resolvini, na huziunda kutokana na mafuta ya aina ya omega-3 ambayo hupatikana kwa wingi katika samaki wenye mafuta. Wahenga walisema kuwa dawa ya moto ni moto. Lakini katika jambo hili mwili haukufuata methali, bali umejiwekea wazimaji wake wenyewe. Basi mwili wenye afya ni ule uuwashao moto kwa wakati na kuuzima kwa wakati.

Sasa tuutazame unene. Zamani mafuta ya mwili yalidhaniwa kuwa ghala tu, kama kihenge cha mahindi kisichosema neno. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake huko Marekani, walipowachunguza panya wanene, waligundua kuwa mafuta yao hutoa kemikali ya kuchochea mwako iitwayo TNF. Miaka kumi baadaye, mwaka 2003, makundi mawili ya watafiti yalionyesha kuwa mafuta ya mwili yakizidi, askari wale wa damu waitwao makrofaji, ambao kazi yao ni kumeza vijidudu na mabaki, hujazana ndani yake. Hapo hakuna mwiba wala kidonda, lakini askari wamekwisha kuitwa na hawaambiwi warudi. Huo ni mwako wa chinichini, usio na maumivu wala homa, kama makumbi ya nazi yafukayo chini ya majivu. Mwenye nao anaweza kuishi miaka 20 bila kujua, hadi siku aambiwapo ana kisukari au ugonjwa wa moyo.

NDANI YA TUMBO

Mwanamke akishika mimba huku makumbi hayo yakifuka, moshi wake wafika wapi? Jibu la kwanza lilipatikana katika kondo, lile pande la nyama liungalo damu ya mama na ya mtoto kwa kupitishiana chakula na hewa. Mwaka 2008 watafiti wa mjini Cleveland, Marekani, walieleza kuwa kondo za akina mama wenye unene wa kupindukia zilikuwa na makrofaji mara mbili hadi tatu kuliko kondo za akina mama wembamba, na dalili za mwako zilikuwa bayana. Mlango wa kupitishia chakula cha mtoto ulikuwa umejaa askari.

Katika Chuo Kikuu cha Wyoming, kondoo walineneshwa kwa makusudi tangu kabla ya kushika mimba. Vijusi vyao vilipochunguzwa, dalili za kuchochewa kwa mwako zilionekana katika misuli na katika utumbo wao, ingawa wana-kondoo hao walikuwa bado hawajaonja hata jani moja la malisho. Chakula cha mama yao ndicho kilichokuwa kimewatangulia.

Tumboni ndimo askari wa damu wa mtoto waumbwamo na kupata mafunzo yao ya kwanza. Jeni za mtoto, yaani maagizo ya urithi aliyoyapata kwa baba na mama, hazibadilishwi na unene wa mama. Kinachoweza kubadilika ni alama ndogondogo za kikemikali zibandikwazo juu ya jeni hizo, ambazo huuambia mwili agizo lipi lisomwe kwa sauti na lipi linyamaziwe. Alama hizo huweza kudumu muda mrefu baada ya mimba kwisha. Ni kama msahafu ulioandikwa vyema, ambao mwalimu wa kwanza ameutia alama pembeni; mwanafunzi ataendelea kuusoma kwa kuzifuata alama hizo hata baada ya mwalimu kuondoka.

Mwaka 2015 na katika miaka iliyofuata, watafiti wa Marekani walichukua damu ya kitovu ya watoto waliozaliwa na akina mama wanene, wakazichokoza chembechembe zake nyeupe kwa vipande vya bakteria. Wengi wangetazamia kuwa zingewaka kupita kiasi. Kinyume chake, chembechembe ziitwazo monositi ziliitikia kwa ulegevu kuliko za watoto wa akina mama wembamba. Mtu aliyeishi jirani na king'ora kiliacho usiku kucha huacha kuamka kisikikapo. Hivyo huenda mtoto akaanza maisha na askari wanaochelewa kuamka wakati wa hatari ya kweli. Na kwa upande mwingine, katika miaka ifuatayo, mwako wa chinichini ukajijenga katika mafuta na mapafu yake mahali ambapo hapana hatari yoyote. Mambo haya mawili yaonekana kupingana, lakini chanzo chake ni kimoja: udhibiti umelegea. Kuwasha kumechelewa, na kuzima kumeshindikana.

USHAHIDI WA WATOTO WALIOKUA

Msomaji mwenye busara atasema kuwa habari za kondoo na za damu ya kitovu ni nzuri, lakini ataka kujua watoto wenyewe walikuwaje walipokua. Mjini Aberdeen, Uskoti, kumbukumbu za uzazi zimetunzwa kwa uangalifu tangu mwaka 1950. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi wa watu 37,709 waliozaliwa na akina mama waliopimwa uzito kwenye kliniki za mji huo. Wale ambao mama zao walikuwa na unene wa kupindukia walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 35, hata baada ya kuzingatia umri wa mama, hali ya maisha na uzito wa mtoto alipozaliwa. Pia walilazwa hospitali kwa maradhi ya moyo na mishipa zaidi ya wenzao. Hayo ni maradhi ambayo mwako usiozimika ni sehemu ya chanzo chake.

Ugonjwa wa pumu nao ni mwako, mwako wa njia za hewa. Mwaka 2014 ulitolewa muhtasari wa tafiti 14 zilizowahusu akina mama na watoto wao jozi 108,321. Ulionyesha kuwa uwezekano wa mtoto kuwahi kupata pumu au kifua cha kubana ulizidi kwa takriban asilimia 31 ikiwa mama yake alikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia wakati wa mimba.

Hata hivyo pana swali la haki ambalo haliwezi kupuuzwa. Mama mnene na mwanawe hushiriki damu moja na chungu kimoja. Twajuaje kuwa tatizo limetoka tumboni, wala si katika urithi wala katika chakula cha nyumbani? Jibu bora tulilo nalo latoka Quebec, nchini Kanada. Huko wapo akina mama waliokuwa na unene mkubwa mno, ambao walizaa, kisha wakapasuliwa tumbo ili mwili upunguze kufyonza chakula, wakapungua sana, kisha wakazaa tena. Hivyo watoto wa mama mmoja waliweza kulinganishwa: aliyebebwa kabla mama hajapungua na aliyebebwa baadaye.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, wa akina mama 49 na watoto wao 111, ulionyesha kuwa unene mkubwa uliwapata asilimia 35 ya watoto waliozaliwa kabla ya upasuaji, lakini asilimia 11 tu ya waliozaliwa baada yake. Wale waliotangulia walikuwa pia na kiwango kikubwa zaidi cha CRP, protini ya damu ambayo ni kipimo cha mwako. Mwaka 2013 watafiti wa huko huko waliongeza kuwa zile alama za juu ya jeni, zikiwamo jeni zinazohusika na ulinzi wa mwili na mwako, zilitofautiana baina ya ndugu hao. Mama ni yule yule na nyumba ni ile ile. Kilichokuwa kimebadilika zaidi ni hali ya mwili wake wakati wa kubeba mimba.

Tunapenda kusema wazi kwamba ushahidi huu una mipaka yake. Kuongezeka kwa hatari si hukumu. Watoto walio wengi wa akina mama wanene huzaliwa salama, wakakua wakiwa na afya, wakasoma na kufanya kazi kama wenzao. Aidha, baba naye humpa mtoto nusu ya urithi wake, na chungu cha nyumbani huendelea kufundisha pale tumbo lilipoachia. Lakini jambo likionekana katika panya, katika kondoo, katika damu ya kitovu, katika kumbukumbu za Aberdeen na katika ndugu wa Quebec, mtu mwenye akili haliwachi lipite hivi hivi. Dalili ya mvua ni mawingu.

LAWAMA SI DAWA

Hapa tuna neno kwa wale watakaoyasoma makala haya kisha wakamgeukia mwanamke na kumnyooshea kidole. Tunawaomba wakirudishe kidole hicho. Mwanamke hali peke yake wala hajengi mji peke yake. Aletaye kapu nyumbani mara nyingi ni mume; asisitizaye kuwa mzazi ale sahani ya pili ni mama mkwe au shangazi; auzaye mafuta na soda kwa bei iliyo rahisi kuliko mboga ni mfanyabiashara; na apimaye viwanja bila kuacha njia ya watu wa miguu ni serikali ya mji. Msichana aliyekatazwa kucheza mpira tangu alipovunja ungo, akafungwa ndani, kisha akaolewa, hakuuchagua unene huo kama mtu achaguavyo khanga dukani.

Tena lawama hudhuru. Mama aliyetukanwa au kuchekwa kwenye mizani hatarudi kliniki mwezi ujao, na akikosa kurudi, kisukari cha mimba na shinikizo la damu, ambavyo humpata mama mnene kwa urahisi zaidi, vitamkuta hana ulinzi. Wauguzi wetu wamefundishwa vyema kuutambua utapiamlo wa wembamba, na bado wana sababu ya kuuhofia: katika uchunguzi ule ule wa Tanzania wa mwaka 2015-16, asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mama aliyenenepa na mtoto aliyedumaa wanaweza kuwa chini ya paa moja. Kwa hiyo hatusemi kuwa njaa imekwisha ili tuanze kushughulika na shibe. Tunasema kuwa chakula kibaya kina nyuso mbili, na muuguzi hana budi kufundishwa kuzitambua zote mbili kwa lugha ya heshima.

YAWEZEKANAYO KUFANYWA

Habari njema ni kwamba moto huu waweza kupunguzwa. Mwaka 2009 watafiti wa Oregon walieleza habari za nyani wa Japani waliolishwa chakula chenye mafuta mengi. Vijusi vyao vilikuwa na mafuta katika maini na dalili za kudhurika. Nyani hao walipobadilishiwa chakula katika mimba iliyofuata, maini ya vijusi vipya yalipata nafuu, ingawa mama zao walikuwa hawajapungua uzito. Maana yake ni kwamba hata kabla mwili haujapungua, chakula bora chaweza kumsaidia mtoto.

Lakini wakati ufaao zaidi ni kabla ya mimba. Nchini Uingereza, uchunguzi mkubwa wa waja wazito 1,555 wenye unene wa kupindukia, uliochapishwa mwaka 2015, ulijaribu kuwafundisha ulaji na mazoezi mimba ikiwa imekwisha kuingia. Akina mama walibadili ulaji, lakini kisukari cha mimba hakikupungua, wala idadi ya watoto waliozaliwa na uzito mkubwa haikupungua. Somo ni lile lile la wahenga, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa, nafasi ya kuziba ufa ni baina ya mtoto mmoja na mwingine. Shirika la Afya Duniani hushauri kupita angalau miezi 24 tangu kujifungua hadi kushika mimba nyingine. Miezi hiyo yatosha kuziacha kilo zilizobaki za mimba iliyopita, kidogo kidogo, kwa kula kwa kiasi na kutembea. Haba na haba ndizo zilizoujaza mwili, na haba na haba ndizo zitakazoupunguza.

Mama aliyekwisha kushika mimba asijikondeshe kwa kujinyima chakula. Lengo lake liwe kutoongeza kupita kiasi. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2009 wataja kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima ikiwa mama alianza akiwa na unene wa kupindukia, badala ya kilo 11.5 hadi 16 za mama mwenye uzito wa kawaida. Ahudhurie kliniki mapema, apimwe sukari na shinikizo la damu, na aijue ile kauli ya kula kwa niaba ya watu wawili kuwa ni ya kutia moyo tu. Mtu wa pili bado hajafika uzito wa embe.

Tena asiwadharau samaki wadogo. Mjini Copenhagen, waja wazito 736 waligawanywa katika makundi mawili: kundi moja lilipewa mafuta ya samaki tangu wiki ya 24, na la pili mafuta ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa pumu au kifua cha kubana kiliwapata asilimia 16.9 ya watoto wa kundi la kwanza, na asilimia 23.7 ya wale wa pili. Uchunguzi huo haukuwahusu akina mama wanene peke yao, wala hatumshauri mtu akanunue vidonge bila kuuliza kwa daktari. Lakini watu wa pwani na wa maziwa makuu wana dagaa na vibua, wale ambao hudharauliwa mezani siku mgeni ajapo. Ndani yao mna yale mafuta ya omega-3 ambayo mwili huyatumia kuwaundia wazimaji wa moto. Wakichemshwa au kupikwa kwa mchuzi, badala ya kuogeshwa katika mafuta ya kukaangia, watakuwa na faida zaidi.

Mtoto akisha kuzaliwa, maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ndiyo kinga ya kwanza. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: mama mnene mara nyingi huchelewa kutokwa na maziwa, kwa kuwa homoni ya kuyaleta huitikia kwa udhaifu mtoto anyonyapo katika siku zile za mwanzo. Jamaa wakiona hivyo, upesi huleta chupa. Kinachotakiwa ni mkunga au mama mwenye uzoefu akae naye, amsaidie kumweka mtoto titini mara kwa mara, na kumtuliza moyo mpaka maziwa yashuke.

WAJIBU WETU SOTE

Kwa upande wa serikali zetu na halmashauri za miji, maombi yetu ni machache. Mizani iwekwe wazi kwa kila msichana na kila mwanamke afikaye zahanati, hata kama amekuja kwa kukohoa au kwa uzazi wa majira, naye aelezwe kipimo chake kwa upole. Shule ziwape wasichana saa ya michezo kama zinavyowapa wavulana. Njia za miguu ziachwe kwa waendao kwa miguu, tena ziwe na taa, ili mwanamke aweze kutembea jioni bila hofu. Na wataalamu wetu wa Afrika Mashariki wawezeshwe kuyachunguza mambo haya hapa hapa kwetu, kwa kuwa sehemu kubwa ya utafiti tuliousimulia ulifanywa katika miji ya ng'ambo, na watoto wetu huzaliwa katika mazingira ya malaria, minyoo na vyakula vingine kabisa.

Kwa upande wa jamaa, ombi letu ni moja. Bibi arusi wa mwaka huu atakapotembelewa na shangazi zake baada ya miezi sita, wasianze kumtazama mashavu. Wamwulize kama analala vizuri, kama anapata mboga, kama ana nafasi ya kutembea, na kama amepimwa. Hayo nayo ni malezi ya mtoto, ingawa mtoto mwenyewe hajatungwa.

Siku moja mtoto huyo ataning'inizwa kwenye mizani ile ya boriti, naye atalia kidogo kama wenzake. Muuguzi ataandika kilo zake katika kadi. Kadi ile haina mahali pa kuandika jinsi moto wa ndani ya mwili wake utakavyowashwa na kuzimwa katika miaka 50 ijayo. Hilo huanza kuandikwa mapema zaidi, katika mwili wa mama yake, na wanaoishika kalamu ni wengi kuliko mama peke yake.